Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utalii wa Kifahari na Haki ya Majirani wa Hifadhi

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia, Muleba



Ndugu wapendwa katika Kristo, neno safari ni letu. Mama anayepanda basi kutoka Muleba kwenda Bukoba kumwona mgonjwa yuko safarini. Kijana anayevuka ziwa kwenda Mwanza kutafuta kazi yuko safarini. Wageni walilichukua neno hili wakalipa maana nyembamba: kwenda Afrika kutazama au kuwinda wanyama. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit. Wao wawili waliua wanyama zaidi ya 500, na mizigo yao ikabebwa na wapagazi zaidi ya 200. Majina ya wawindaji yameandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi nani ayajua?

Swali hilo ndilo linalotukutanisha. Siku hizi wageni wengi hubeba kamera badala ya bunduki, na mzigo hubebwa na gari. Lakini bado wako watu wanaobeba uzito wa safari hiyo bila kutajwa. Baadhi yao ni waumini wa parokia zetu. Tutafuata njia tuliyoizoea: tutazame, tupime, tutende.

1. TUTAZAME HALI ILIVYO

Zamani mgeni aliyefika nchi hii aliingia kwanza kwa mwenyeji. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walifika Karagwe wakapokewa na Mukama Rumanyika. Waliomba ruhusa, wakapewa mahali pa kulala na chakula. Speke aliwinda vifaru katika nchi hiyo kwa idhini ya mwenye nchi. Grant alipougua mguu alibaki kwa Rumanyika miezi kadhaa akitunzwa. Si kwamba mambo yote yalikuwa mema siku zile. Lakini mgeni alijua yuko nyumbani kwa nani.

Leo jina la Rumanyika limo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019 pamoja na Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato. Hii ya tatu inatuhusu kwa karibu zaidi. Ina eneo la kilometa za mraba 4,707, na iliundwa kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Inagusa wilaya za Biharamulo, Chato, Karagwe, Ngara na hii yetu ya Muleba. Kusini mwetu, ziwani, kuna Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa huko sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, na wazao wao wangali wanaishi msituni humo. Lakini sokwe hawakukuta kisiwa kisichokuwa na historia: familia za wavuvi na wakulima zilizokuwa zikiishi Rubondo zilihamishwa katika miaka hiyo ya 1960.

Hatusemi kwamba hifadhi ni mbaya. Watalii wa nje walioingia Tanzania mwaka 2023 walizidi milioni 1.8, na fedha za kigeni wanazoleta hununua dawa na mafuta ambayo sote tunayatumia. Tena tumeona wenyewe jinsi pori linavyoweza kuharibiwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia mauaji ya Rwanda. Walihitaji kuni, walihitaji kula. Na wako waliofanya biashara ya nyama pori kwa kisingizio cha njaa yao. Wanyama wa Burigi na Biharamulo walipungua vibaya sana katika miaka hiyo. Hapo twajifunza kwamba pori halitasalimika penye watu wenye njaa, hata askari wawe wengi namna gani.

Sasa tuutazame utalii wa kifahari wenyewe. Mgeni hutua kwa ndege ndogo katikati ya hifadhi. Hulala katika hema lenye kitanda kikubwa, bafu na maji ya moto. Jioni huwashiwa moto, hupewa kinywaji, naye hutazama jua likizama. Kwa usiku mmoja kambi za namna hiyo katika hifadhi mashuhuri za nchi yetu hutoza kila mgeni mamia ya dola, na nyingine hupita dola 1,000. Mara nyingi sehemu kubwa ya malipo imekwisha kufanyika Ulaya au Marekani kabla mgeni hajapanda ndege. Anaweza kukaa wiki nzima bila kukanyaga kijiji hata kimoja. Mwenyeji atakayeonana naye ni dereva, mpishi au mhudumu.

Upande wa pili wa mpaka kuna mkulima wa migomba na mihogo. Tembo, kiboko au nyani wakiingia shambani, hasara ni yake. Kanuni za Serikali za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa walioathirika. Familia iliyopoteza mtu kwa kuuawa na mnyama ilipangiwa shilingi milioni 1, kiasi ambacho wakati ule hakikufika dola 700. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupangiwa chochote. Yaani aliye karibu zaidi na hatari ndiye aliyetoka mikono mitupu. Na tuyaangalie majina ya malipo hayo: kifuta jasho na kifuta machozi. Hayakuitwa fidia. Fidia ni haki ya mtu. Kitambaa cha kufutia machozi ni hisani ya anayekitoa.

Tusisahau pia Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013. Ilianzishwa kuwakabili majangili wa tembo, na kusudi hilo lilikuwa jema. Lakini Kamati ya Bunge ilieleza habari za mauaji, mateso na udhalilishaji wa raia, na Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Mmoja wao alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Balozi Khamis Kagasheki, aliyekuwa pia Mbunge wa Bukoba Mjini. Kuwajibika kwa mawaziri ni jambo la kuheshimiwa, lakini hakumrudishii mjane mume wake.

Huko Ngorongoro na Loliondo ndugu zetu Wamaasai wamepita njia ngumu zaidi. Mwaka 1959 walitolewa Serengeti kwa makubaliano kwamba wangeendelea kuishi Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Juni mwaka huohuo, uwekaji wa mipaka ya eneo la kilometa za mraba 1,500 Loliondo ulileta ghasia; askari polisi mmoja aliuawa, na wananchi waliojeruhiwa walikimbilia Kenya. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mazalia ya wanyama. Wafugaji walisema ni malisho yao ya asili. Twalitaja jambo hili ili tuone kwamba ahadi isiyolindwa kwa maandishi na kwa macho ya watu wote hudhoofika miaka inavyopita.

2. TUPIME KWA MWANGA WA IMANI

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi hizo mbili hazitengani. Anayelima bila kutunza huiharibu kazi ya Mungu. Anayetunza kwa kumfukuza mlimaji ameusahau mkono wa pili wa amri hiyohiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliona kwamba mahali penye uzuri wa pekee pengine pamefungwa kwa ajili ya wachache, na akafundisha kwamba wakazi wa mahali wawe na nafasi yao ya pekee mezani yanapoamuliwa mambo ya nchi yao.

Lakini somo linalotugusa sisi viongozi liko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alikuwa na jumba. Akalitamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, alifanye bustani. Alikuwa tayari kulipa. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Tunalijua lililompata. Mara nyingi tunamlaumu Yezebeli na kuishia hapo. Tutazame vizuri jinsi uovu ulivyotendeka. Ziliandikwa barua, zikapigwa muhuri. Uliitishwa mkutano. Walikuwapo wazee wa mji na mashahidi. Kila kitu kilifuata utaratibu, isipokuwa haki. Yezebeli peke yake asingeweza kumwua Nabothi; alihitaji wazee wakubali.

Ndugu zangu, wazee wa mji ndio sisi. Humu tumo wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa serikali za vijiji, makatekista na walimu. Muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika, orodha ya mahudhurio yenye saini za watu wasiokuwapo, ramani aliyoiona mtendaji peke yake: hayo ndiyo mawe yaliyomwua Nabothi. Hatuwezi kuomba haki kwa Serikali au kwa mwekezaji huku tukiiuza wenyewe kwa posho ya kikao.

3. TUTENDE

Hifadhi ya Burigi-Chato bado ni changa. Hatuna budi kuchukua hatua mapema.

Kwanza, tuijue mipaka. Kila kijiji jirani kiwe na ramani yake, na vijana waoneshwe alama zilipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inataka wanakijiji waelezwe na wasikilizwe, na suala la fidia limalizwe, kabla ardhi yao haijahamishwa kwa matumizi mengine. Mahali pa kusikilizwa ni mkutano mkuu wa kijiji. Tusipohudhuria, tumewaachia wengine waseme kwa niaba yetu.

Pili, tutunze kumbukumbu. Mnyama akiharibu shamba au akijeruhi mtu, taarifa ipelekwe siku hiyohiyo kwa ofisi ya kijiji, iandikwe, na nakala ibaki kwa mwathirika. Kamati za Haki na Amani ziwasaidie wajane na wazee wasiojua kuandika.

Tatu, tudai nafasi sokoni. Mgeni anayeamka kambini hunywa kahawa, nasi ni watu wa kahawa. Kwetu mgeni alipewa buni za kutafuna kabla ya mazungumzo yoyote. Kwa nini kambi ijengwe kando ya Ziwa Burigi, kisha samaki, ndizi na kahawa vitoke mbali? Vyama vyetu vya ushirika na vikundi vya akina mama viandae mazao yenye ubora na kuomba mikataba ya maandishi. Vijana wasome lugha, upishi na uongozaji watalii, ili wasiishie kubeba mabegi tu. Na miradi ya ujirani mwema, kama madarasa na zahanati, ichaguliwe na mkutano wa kijiji.

Nne, sisi wenyewe tuache ujangili, uchomaji moto na uvuvi haramu. Mikono michafu haiwezi kushika mizani ya haki. Wala tusiwachukie wageni. Mtalii hakuichora mipaka ya hifadhi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apishe. Basi tujipime kwa neno hilo: kila mgeni anapokuja, ni nani kati yetu amepona?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika kijiji chetu, ni lini mkutano mkuu ulijadili mipaka ya hifadhi au ya ardhi yetu? Muhtasari wake uko wapi?

2. Ni familia zipi katika Jumuiya yetu zimepata hasara kwa sababu ya wanyama? Tumezisaidiaje?

3. Katika habari ya Nabothi, sisi tumewahi kusimama upande wa nani?

Mungu awabariki.