Maji ya mtoto yakipungua

Leo tuongee juu ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni.

Mama amefika wiki 39, ana afya. Ekografi, ile wanayoita hapa skani, inaonyesha maji ni machache. Daktari anasema uchungu uanzishwe. Mama, usitoroke hospitali. Uliza: Moyo wa mtoto unapiga sawa? Presha yangu ikoje? Kina cha maji kimefika sentimita 2? Kama yote ni mazuri, pengine daktari atakuambia unywe maji safi mengi, urudi kupimwa. Maji hayo huweza kuongezeka.

Lakini mtoto akipunguza kucheza, au chupa ikipasuka, usingoje kesho. Baba, tafuta boda.

Uchungu huanzishwa hospitali, kama Bwera au Kagando, penye watu wa kusikiliza moyo wa mtoto na kufanya operesheni. Miti shamba na vidonge vya kununua kwa siri vinaweza kupasua kizazi. Mama na mtoto wanaweza kufa.

Mkunga anawangojea. Mwende salama.