KINGA YA BUNGE NI YA MDOMO, SI YA NGUMI

*Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa tawi Jumapili. Tunayatuma kwa wanachama wote, hasa walioshindwa kufika.*



Wiki iliyopita kikao cha bunge la kaunti kilivunjwa kwa nguvu. Siwa ilinyakuliwa, viti vikarushwa, karani mmoja akatoka akivuja damu. (Jina la siwa tumelirithi Lamu na Pate, lilikuwa baragumu la heshima. Si kitu cha kugombaniwa kama mpira.) Waliofanya hivyo ni waheshimiwa, na baadhi yao tuliwapigia kura sisi wenyewe. Hoja ya maji ya kwetu ilikuwa ya tatu kwenye orodha siku hiyo. Haikufikiwa.

Tangu hapo tunaambiwa, "Mheshimiwa ana kinga, hashtakiki." Sivyo. Sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka na kinga za mabunge ya kaunti inamlinda mwakilishi wadi kwa maneno anayosema kikaoni. Amseme gavana, apinge bajeti mpaka sauti imkauke, hakuna mahakama itakayomwita kwa hilo. Kumpiga karani kwa kiti si mchango wa hoja.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haimbagui mheshimiwa na mchuuzi. Kumshambulia mtu na kumjeruhi, kifungu cha 251, ni hadi miaka 5 jela. Kuharibu mali kwa makusudi, kifungu cha 339, pia hadi miaka 5. Na Katiba, ibara ya 193 na 194, inasema mwakilishi akitumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi, rufaa zikishakwisha, kiti chake kinakuwa wazi.

Linalotuuma zaidi ni hili. Waliolala seli ni vijana wanne wa mtaani kwetu, waliobebwa kwa matatu wakaambiwa wakapige kelele mlangoni. Aliyewatuma yuko nyumbani kwake. Kifungu cha 20 kiko wazi: aliyesaidia au kushawishi kosa litendeke ni mkosaji sawa na aliyelitenda. Tunataka naye awe kwenye hati ya mashtaka, hata kama ana kadi ya chama chetu. Vijana tutawatafutia wakili, nao waseme ukweli wote, pamoja na nani aliwalipa. Kwa mheshimiwa aliyeinua mkono, tawi halitachangisha hata shilingi.

Kuna wanaosema spika anapendelea upande mmoja. Huenda ni kweli, na hasira zao tunazielewa. Lakini hoja ya kumwondoa spika ipo kisheria, na hupita kwa kura.

Aliyeona tukio aende kituoni aandikishe taarifa na achukue namba ya OB. Walioumia wachukue fomu ya P3 wakajaziwe na daktari sasa, kabla majeraha hayajapona. Mlio na video, msizikate wala kuzitia muziki. Zihifadhini zilivyo.

Bunge linakaa tena Jumanne. Ibara ya 196 inataka vikao viwe wazi kwa umma, kwa hiyo tunaenda kuketi sehemu ya wageni na kusikiliza hoja ya maji. Tukutane stendi saa mbili asubuhi. Asije mtu na rungu.