Pikapu Kuukuu na Kiu ya Mafuta

Katika miji mingi ya Marekani, kabla jua halijachomoza, pikapu kuukuu huonekana zikitoka majumbani zimebeba ngazi, mabomba, mashine za kukatia majani na mifuko ya saruji. Kwa mwashi, mtunza bustani au mkulima mdogo, gari hilo si pambo. Ndilo ghala lake, ndilo karakana yake, na ndilo linalomlisha. Taabu ni kwamba kabla ya kumlisha mwenyewe, nalo hudai kulishwa kwanza.

Kiu ya magari hayo ina historia yake. Baada ya mataifa ya Kiarabu kuzuia mafuta yao mwaka 1973, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1975 kuwalazimisha watengenezaji kupunguza matumizi ya mafuta ya magari mapya. Pikapu, hata hivyo, ziliwekewa sharti jepesi, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa vyombo vya kazi. Kwa modeli za mwaka 1996 hadi 2004, magari madogo yalitakiwa kufikia wastani wa maili 27.5 kwa galoni, yaani takriban kilomita 11.7 kwa lita, ilhali pikapu na jamaa zake zilitakiwa maili 20.7 tu, au kilomita 8.8 kwa lita. Barabarani, pikapu kubwa ya silinda nane mara nyingi haikufika hata kilomita 7.

Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo ilitoa ruzuku ya dola 3,500 au 4,500 kwa aliyesalimisha gari lenye ulafi wa mafuta na kununua jipya. Karibu magari 700,000 yalikabidhiwa, na injini zake zikamiminiwa kemikali ya kuzigandisha ili zisiwake tena. Lakini asiyekuwa na uwezo wa kununua gari jipya, hata kwa ruzuku, alibaki na lake la zamani. Hadi leo, wastani wa umri wa magari katika barabara za Marekani umepindukia miaka 12.

Mwenye gari la namna hiyo asikate tamaa, maana hesabu iko upande wake. Mwaka 2008, watafiti Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science kwamba watu wengi hupotoshwa na kipimo cha maili kwa galoni. Ichukuliwe pikapu inayokwenda kilomita 6 kwa lita. Katika safari za kilomita 20,000 itatumia lita zipatazo 3,330. Ikitengenezwa ikafika kilomita 7, itatumia lita 2,860 hivi, na mwenyewe ataokoa lita zaidi ya 470. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingelazimika kupita kidogo kilomita 23 ili kuokoa kiasi hicho hicho. Nafuu ndogo kwa mlafi ni kubwa kuliko nafuu kubwa kwa asiyekula sana.

Msikilizaji atauliza: kilomita hiyo moja itapatikana wapi? Haipatikani mahali pamoja. Huokotwa hapa na pale. Kwa mujibu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, kurekebisha injini iliyokosa mpangilio huleta nafuu ya wastani wa asilimia 4. Katika injini za zamani zenye kabureta, kubadilisha chujio la hewa lililoziba huleta asilimia 2 hadi 6. Kwa zile zenye mfumo wa kompyuta, kihisi cha oksijeni kikiharibika kinaweza kupoteza hadi asilimia 40. Kwa hiyo taa ya tahadhari ya injini haifai kuzibwa kwa kipande cha karatasi.

Zipo pia hitilafu ambazo huenda zisiwashe taa yoyote. Thamostati iliyokwama wazi huiacha injini baridi, nayo huendelea kupewa mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Breki inayokamata hulifanya gari livute mzigo usioonekana. Dalili yake ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine baada ya safari. Matairi yenye upepo pungufu nayo huongeza kazi ya injini. Na kila kilo 45 za mzigo usio na kazi hupunguza takriban asilimia 1.

Lakini fundi mkuu ni mguu wa dereva. Wizara hiyo inaeleza kuwa kuondoka kwa nguvu na kufunga breki ghafla hupoteza asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 katika msongamano. Tena upinzani wa hewa hukua haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidishwa mara mbili, upinzani huwa mara nne. Pikapu, kwa umbo lake la sanduku, huumia zaidi.

Wengine huteremsha mlango wa nyuma wa bodi wakidhani wanaupa upepo njia. Kinyume chake, mlango ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na kuwa kama mto laini, na upepo wa juu hupita ukiteleza. Ukifunguliwa, mto huo huvunjika. Vivyo hivyo, vifaa vinavyotangazwa kuwa vinapunguza mafuta kwa miujiza vimepimwa na Shirika la Mazingira la Marekani kwa miaka mingi, zaidi ya aina 100, bila kupatikana hata kimoja chenye nafuu ya maana.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kununua ni daftari. Mwenye gari ajaze tangi hadi juu, aandike kilomita. Atakapojaza tena, agawanye kilomita alizokwenda kwa lita alizoongeza. Afanye hivyo kabla na baada ya kila matengenezo. Iwapo injini imechakaa kiasi cha kunywa oili pamoja na petroli, daftari litamwambia pia kwamba wakati wa kuagana umefika. Iwapo bado ina nguvu, litamwonyesha, lita kwa lita, sehemu ya jasho lake iliyokuwa ikipotelea katika bomba la moshi.