Hotuba ya Mwenyekiti: Kila Nguo Ina Namba Yake



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi tukiwa pamoja. Mapato na matumizi atasoma mweka hazina. Mimi nimeombwa niseme habari ya ule mzigo wa nguo za ndani, maana kila mwanachama mpya huuliza: "Ilikuwaje gawio likapungua mwaka ule?" Akina baba mniwie radhi, leo chupi na sidiria nitazitaja kwa majina.

Mnakumbuka, ilikuwa mwaka wetu wa nne. Tulitoa fedha kwenye mfuko, wenzetu watatu wakaenda Mombasa kununua kwa jumla, tuje kuuza hapa na sokoni Manundu. Tuliambiana, Kenya na sisi ni Jumuiya moja, ushuru hakuna. Muuzaji akaandika mstari mmoja tu: "nguo za wanawake". Kufika mpakani Horohoro, mzigo ukafunguliwa. Lebo zikasema zimetengenezwa China. Na chini ya robota moja mlikuwa na sidiria zilizokwisha kuvaliwa! Nguo za ndani za mitumba zimekatazwa na Shirika la Viwango, TBS, kwa hiyo zikachukuliwa. Zile mpya tukatozwa. Faida ikaishia pale pale, na wapo mama zetu waliokuwa wakingojea gawio lile kwa ada ya watoto. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza.

Baadaye nikaenda kuuliza. Mimi ni wa darasa la saba, lakini niliyoelezwa niliyaandika kwenye daftari.

Forodha kila bidhaa ina namba, na namba hizo zinatumika karibu dunia nzima. Sura ya 61 ni nguo za kitambaa kinachovutika, kama fulana. Sura ya 62 ni za kitambaa kama cha khanga. Chupi, shimizi na gauni la kulalia la mwanamke, za aina ya fulana, ni 6108. Chupi ya pamba ni 6108.21; ya nailoni au poliesta ni 6108.22. Nyuzi zikichanganywa, hutazamwa iliyozidi kwa uzito. Lakini sidiria ni 6212, ivutike isivutike. Mitumba ina namba yake, 6309.

Mtasema, mama, namba zitatusaidia nini? Zinasaidia. Ukiandika kila aina mstari wake, idadi yake, bei yake na nchi ilikotengenezwa, mzigo hauna maswali mengi, wala mpya haichanganywi na mtumba.

Tena kununuliwa Kenya siyo kutengenezwa Kenya. Iliyotengenezwa Kenya au Uganda, ikiwa na cheti cha uasili, haitozwi ushuru wa forodha. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha, mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi kinachotolewa mpakani. Ya China hulipiwa. Tangu mwaka 2005 nguo kama hizi zilikuwa kwenye asilimia 25, na Julai 2022 Jumuiya ikaweka kundi la asilimia 35, nguo zimo. Viwango hutangazwa kila mwaka wakati wa bajeti ya Juni, na nchi huweza kupewa kiwango chake, basi tuulize TRA kwanza. Kwa asilimia 35, mzigo wa shilingi 1,000,000 pamoja na usafiri na bima una ushuru wa 350,000. Halafu VAT ya asilimia 18 juu ya 1,350,000 ni 243,000. Jumla 593,000, bado tozo nyingine ndogo. Sasa pigeni hesabu ya bei ya kuuzia.

Akina mama, mwaka huu tumekubaliana kujaribu tena. Naomba fedha isitoke kabla hatujajibu maswali manne: Ni kitambaa gani? Ni uzi gani? Ni mpya? Imetengenezwa wapi? Majibu yaandikwe kwenye ankara, na robota lifunguliwe tungali dukani. Wakala wa forodha akisema "niachieni mimi, mama", mwambieni tunataka kuona namba aliyoandika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha hii ni ya kuuza maandazi na kulima kwa jembe. Tuilinde.

Kidumu kikundi chetu!