MTETEZI HASIMAMI PEKE YAKE

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa vijana wa tawi na wazee waalikwa)



Leo hatukuja kusimulia habari za uchaguzi wala kuhesabu kadi. Tumekuja kusema juu ya jambo linalotula kimyakimya, nalo ni kuchoka kwa vijana watetezi. Kila mwaka vijana huingia katika kazi ya kutetea haki za wenzao wakiwa na ari kubwa. Huandika barua, huzunguka majumbani, huwasindikiza wanyonge mpaka kituo cha polisi na mahakamani. Baada ya misimu miwili mitatu huwaoni tena. Watu husema: wameogopa, au wamenunuliwa. Sisi twasema kwamba wengi wao hawakuogopa wala hawakununuliwa. Waliachwa peke yao, na mtu wa peke yake huchoka.

Ili tuione sababu vizuri, natutazame mbali kidogo na kwetu. Maretadu ni kata ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, katika nchi ya Wairaki, watu wa jembe na ng'ombe. Mtauliza: sisi watu wa visiwani, tuliozoea kusi na kaskazi, tuna haja gani na Maretadu? Haja yetu ni hii. Katika mashamba kama yale mtetezi hana umati wa kujificha ndani yake. Anayempinga si mtu wa mbali. Ni shangazi yake, ni mjomba wake, ni jirani aliyemsaidia kulima. Basi uzito wa kazi hii huonekana huko bila ya pazia.

Na kazi yenyewe ni ipi? Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Manyara wanawake 58 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 43. Idadi imeshuka, na hapana shaka kwamba haikushuka wenyewe. Lakini kwa nchi nzima mwaka huo ilikuwa 8 tu katika 100. Hapo mwaona kazi iliyobaki.

Pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ni ya Bara, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, hali mvulana alingojewa afike miaka 18. Mwanasheria kijana, Bibi Rebeca Gyumi, aliipeleka sheria hiyo mbele ya Mahakama Kuu, na mwezi wa Julai 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa. Mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na hukumu ile ile. Mwaka 2018, rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya haki za binadamu. Tatu ni shule. Mwezi wa Juni 2017 Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana aliyezaa hatarudi katika shule za Serikali. Watetezi walipiga kelele miaka mingi, na mwezi wa Novemba 2021 Serikali ikafungua mlango.

Ndugu zetu, huo ni ushindi, na aliyeupata anastahili heshima. Lakini hukumu haina miguu. Haiwezi kutoka Dar es Salaam ikapanda milima ya Mbulu na kubisha hodi katika nyumba ya msichana. Lazima abishe mtu, na mtu huyo mara nyingi ni kijana, mwalimu wa shule au mfanyakazi wa zahanati, asiye na gari wala mshahara wa kazi hiyo. Akimwokoa msichana mmoja, hapigiwi makofi; huambiwa ameuza mila. Akishindwa, hulala na uchungu wake. Kijana huyo hakosi elimu, wala hakosi ushujaa. Anachokosa ni pahala pa kuutua mzigo, autazame pamoja na wenziwe, kisha auinue tena.

Hapo ndipo Wairaki wenyewe wanapotufundisha. Tangu zamani wana desturi ya kukutana kwa mashauri ya nchi, na wana maombi yao yaitwayo slufay. Mzee mmoja huyaongoza, na walio hapo humwitikia. Tafakarini neno hilo: humwitikia. Msemaji hasemi peke yake mpaka mwisho. Sauti ya wenziwe humshika mkono na kumpeleka mbele. Pale hapana hotuba bila ya jawabu.

Hatupaki rangi. Baraza hilo lilikuwa la wazee wanaume, na mila hiyo hiyo ilimtoa nyumbani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa. Umoja unaweza kumlea mtu, na unaweza kumfukuza. Lakini wanawake wa Kiiraki nao wana historia ya kukusanyika na kuyapinga maamuzi ya wazee. Kwa hiyo vijana wa leo hawana haja ya kuazima kikao kutoka ng'ambo. Wana kikao cha kwao. Kazi iliyobaki ni kukipanua ili msichana naye apate kusema na kuitikiwa.

Na lipo jambo la pili kutoka Mbulu, ambalo chama chetu kingefaa kulishika. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 katika 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Bwana Herman Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama kwa nafasi yake, na watu wakamchagua yeye. Hawakuwa maadui wa chama. Waliambia chama chao: katika hili, hapana. Kijana asiyeweza kuwaambia viongozi wake neno hilo bila ya kuitwa msaliti, huyo hatadumu kwetu, hata tukimpa kadi kumi.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tawi liwe na kikao cha vijana kila mwezi, kisichokuwa cha kupokea amri wala cha kuandika ripoti. Humo kila mmoja aseme alichokiona, kilichomshinda, na anayehitaji msaada. Na wengine wasikilize mpaka amalize, kisha wamjibu. Pili, yatakayosemwa humo juu ya uongozi yasiwe kosa la kumtolea mtu adhabu. Tatu, kijana akikosekana mara mbili, asihukumiwe barazani kwa kahawa na maneno. Wawili waende kwao wakamjulie hali. Huenda ana mgonjwa. Huenda ana deni. Huenda anangoja tu kuulizwa.

Watasema wengine kwamba kukaa na kutafakari ni kupoteza wakati, na dhulma haingoji. Ni kweli, dhulma haingoji. Lakini mvuvi naye hutenga siku ya kukaa pwani akashona nyavu, na hapana anayemwita mvivu. Ajuaye bahari ajua kwamba nyavu iliyotatuka, hata ikitupwa mara mia, hurudi na maji.

Wazee wetu walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja, hata kikiwa cha mkarafuu, kikitengwa na vingine hutoa moshi kisha huzima. Vijana wetu waliozima hawakuoza, walitengwa. Orodha ya majina yao iko kwa katibu wa tawi. Twaomba kabla ya Ijumaa ijayo kila aliyehudhuria hapa achukue jina moja, aende akabishe hodi.