Jembe la mgeni: kuongoza ibada katika kanisa la mataifa mengi

Katika miji ya Ghuba, Ulaya na Marekani, Wakristo wa lugha mbalimbali hukutana chini ya paa moja. Makala hii inaitazama kazi ya yule anayesimama mbele yao kuwaongoza katika sala, na kile kinachopotea kazi hiyo isipofanywa vyema.

Msikilizaji mpenzi, siku ya Ijumaa mtaa wa Ruwi, mjini Muscat, huwa na nyimbo za lugha nyingi. Katika Oman siku ya mapumziko ni Ijumaa, kwa hiyo Wakristo wanaofanya kazi huko hukusanyika siku hiyo bila kuingoja Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kazi. Katika viwanja vilivyotolewa na marehemu Sultan Qaboos bin Said, Wakatoliki na Waprotestanti walijenga makanisa yao, na humo Wahindi, Wafilipino, Wapakistani, Waarabu, Wazungu na Waafrika hupokezana saa. Kundi moja likitoka jingine huingia, na viti havipati muda wa kupoa.

Hali ni hiyo hiyo Dubai, ambako kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria lilifunguliwa mwaka 1967 na sasa huadhimisha misa kwa Kiingereza, Kiarabu, Kimalayalam, Kitagalogi, Kikonkani na lugha nyinginezo. Hata pale Umoja wa Falme za Kiarabu ulipohamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili, mwanzoni mwa mwaka 2022, desturi ya kugawana saa haikukoma.

Lakini kugawana jengo si sawa na kushirikiana ibada. Wapangaji wa nyumba moja waweza kuishi miaka kumi bila kula sahani moja. Swali huzuka siku makundi hayo yanapoitwa pamoja, iwe Pasaka, Krismasi au ibada ya mazishi: ni nani atakayeongoza, kwa lugha gani, na wimbo wa nani utaimbwa kwanza?

Swali hili lina umri sawa na Kanisa lenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya sita, kinasimulia manung'uniko yaliyotokea Yerusalemu. Waumini waliozungumza Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawanyo wa chakula wa kila siku, huku wajane wa Waebrania wakihudumiwa. Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba kuisimamia kazi hiyo. Msikilizaji akiyasoma majina yao, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, ataona kwamba yote saba ni ya Kiyunani. Kanisa halikuishia kuwaahidi walalamikaji kwamba watakumbukwa. Kwa kadiri majina hayo yanavyoonyesha, ghala lenyewe lilikabidhiwa watu wa upande ulionung'unika.

Sura ya 13 ya kitabu hicho hicho inawataja viongozi wa kanisa la Antiokia. Miongoni mwao walikuwamo Barnaba wa Kipro, Simeoni aliyeitwa Nigeri, yaani mweusi, Lukio kutoka Kirene katika Afrika ya Kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli wa Tarso. Mchanganyiko wa mataifa haukuwa kwenye viti vya nyuma peke yake, bali ulikuwa mezani pa wenye kuamua.

Waswahili walilisema jambo hili kwa njia yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makanisa mengi ya ughaibuni hayavuki siku ya pili. Waafrika huombwa mara moja kwa mwaka waje na vitenge, ngoma na vigelegele, waimbe wimbo mmoja, wapigiwe makofi, kisha warudi vitini. Ukarimu huo ni wa kweli, lakini ni ukarimu kwa mgeni. Mwenye jembe huketi katika kamati inayopanga masomo, nyimbo na saa, na huulizwa maoni yake kabla ratiba haijachapishwa.

Kwa hiyo kazi ya kiongozi wa ibada huanza siku kadhaa kabla ya ibada, na jambo la kwanza ni lugha. Mahubiri ya dakika 20 yakitafsiriwa sentensi kwa sentensi huwa ya dakika 40, na ikiongezwa lugha ya tatu, saa nzima imekwisha. Kiongozi mwenye busara humwomba mhubiri afupishe, naye mkalimani humpa maandishi mapema ili asikutane na maneno magumu mimbarani. Somo laweza kusomwa kwa lugha moja huku maneno ya lugha nyingine yakionekana ukutani. Na inapofika Sala ya Bwana, kila mmoja huisali kwa lugha ya mama yake kwa wakati mmoja. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliyathamini maneno machache yenye kueleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka. Hata hivyo, sala ambayo kila mtu anaijua kwa moyo hueleweka katika lugha yoyote.

Jambo la pili ni wimbo. Tenzi yenye beti sita inamhitaji mwimbaji ajue kusoma lugha ile, ilhali wimbo wa kuongoza na kuitikia hauhitaji kitabu: kiongozi huanza, na wasiojua lugha hushika kiitikio baada ya mara ya pili. Hapa Afrika ya Mashariki ina zawadi ya kutoa. Wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya, ulioandikwa na Bernard Kyamanywa wa Tanzania katika miaka ya 1960 kwa lahani ya Kihaya, ulitafsiriwa kwa Kiingereza na mmisionari Howard Olson, na leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Unapoimbwa huko hauimbwi kama onyesho la ugenini, kwani umekuwa wimbo wa Pasaka wa kila mtu.

Jambo la tatu ni mwili na saa. Kwa baadhi ya watu kimya ndiyo heshima, na kwa wengine asiyecheza hajasali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 4, 1963, ulifungua mlango wa lugha za wenyeji katika liturjia. Maaskofu wa Kongo walikwenda mbali zaidi, na mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale yao maalumu, ambamo mababu wema huombwa pamoja na watakatifu, na amani hutakiana mapema, baada ya toba. Tarehe 1 Desemba 2019, hayati Papa Francis aliadhimisha misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Utaratibu uliozaliwa Kongo ulisikika katika moyo wa Roma, na hapana aliyeweza kusema kwamba haukuwa ibada kamili.

Je, kanisa lisipoifanya kazi hii hutokea nini? Historia imekwisha kujibu. Mwaka 1906, katika mtaa wa Azusa mjini Los Angeles, mhubiri William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliongoza ibada ambamo weusi, weupe na Wamexico walipiga magoti pamoja, katika nchi iliyokuwa imewatenga kwa sheria. Miaka michache baadaye umoja ule ulivunjika, na Wapentekoste wa Marekani wakagawanyika kwa rangi. Nchini Uingereza, Wakristo waliofika kutoka visiwa vya Karibiani kuanzia mwaka 1948 walikutana na ubaridi katika makanisa mengi, na baadhi yao wakaanza kusali sebuleni mwao, hadi makundi hayo yakawa makanisa. Februari 2020, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikiri na kuomba radhi kwa ubaguzi huo. Radhi hiyo iliwakuta wengi wa walioumizwa wamekwisha kufa.

Hata hivyo, msikilizaji, haifai kudhani kwamba dawa ni kuchanganya kila kitu kila siku. Mwacha asili ni mtumwa. Mama aliyefiwa na mwanawe mbali na kwao hawezi kufarijiwa kwa lugha aliyojifunza kazini. Usharika wa Waswahili huko Minnesota au London unastahili saa yake, Biblia yake na tenzi zake.

Na hata humo wamo watu wa mataifa mengi. Mkongo wa Bukavu, Mrundi, Mnyarwanda na Mtanzania wa Tanga wote husema Kiswahili, lakini si kimoja. Kiongozi anayecheka Kiswahili cha Kongo, au anayeona kwamba sala ya mtu wa bara ina makosa ya sarufi, amekwisha kumfungia mtu mlango. Tena wapo watoto waliozaliwa ugenini, wanaokielewa Kiswahili kidogo na kuota ndoto kwa Kiingereza. Wazee wakishikilia lugha peke yake, huenda wakabaki na lugha bila watoto. Wakiiacha kabisa, watoto hawatajua bibi zao waliomba nini. Makanisa yaliyolifikiri jambo hili humpa kijana somo la Kiingereza na mzee sala ya Kiswahili katika ibada moja, na kila mmoja humngoja mwenzake.

Kungoja huko ndiko kiini cha kazi yote. Anayeongoza ibada ya mataifa mengi anajua kwamba katika kila ibada kuna dakika ambazo mtu fulani haelewi kitu. Hawezi kuziondoa dakika hizo zote, ila aweza kuhakikisha kwamba hazimwangukii mtu yule yule kila wiki. Wiki hii Mzungu atangoja wimbo wa Kihindi umalizike, wiki ijayo Mhindi angoje sala ya Kiswahili. Mzigo ukigawanywa hivyo, hakuna anayebaki mgeni wa kudumu, na hakuna anayebaki mwenyeji wa kudumu.

Msikilizaji mpenzi, makala haya yanakomea hapo. Popote ulipo, iwe Muscat, Doha, London au Minneapolis, uwe na wiki yenye amani.