MGENI ASIYEONA NA UGONJWA WA MAWAZO

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Mlali, Wilaya ya Kongwa)



Leo sikuja na habari za mbegu wala za kufuga kuku. Nimekuja kuzungumza juu ya ugonjwa usio na kidonda wala uvimbe. Mtu anao, lakini ukimtazama huuoni. Ni ugonjwa wa mawazo. Nami nitausemea kwa habari ya mama mmoja mgeni, ambaye amenipa ruhusa niisimulie bila kumtaja jina.

Mama huyu alikuja Mlali msimu uliopita wa kulima. Mume wake alikwisha fariki, na kijana wake anayelima hapa akaenda kumchukua. Mama haoni. Macho yake yaliharibiwa na vikope. Ninyi mnavijua vikope. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho siku baada ya siku, mwisho giza. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakija hapa Kongwa kuchunguza ugonjwa huu, na ilionekana wazi kwamba watoto wakioshwa uso kila siku hupungukiwa nao. Na mtu ambaye kope zake zimekwisha geuka anaweza kupasuliwa ukope kabla hajapofuka. Hayo tutayazungumza siku nyingine, lakini msingoje siku hiyo kuwanawisha watoto.

Basi, mama alifika. Majirani wakaja kumsalimu, wakaleta unga na karanga. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa. Wiki ya pili walikuja wawili. Baadaye kila mtu alikuwa shambani, na mama akabaki amekaa chini ya mti na mjukuu wa miaka tisa.

Mimi nilimwalika darasani, maana tuna kipindi cha kusikiliza na kujadili ambacho hakihitaji macho. Hakuja. Nikamwalika tena. Hakuja. Nikasema moyoni, "Huyu hapendi elimu." Nawaambia kweli, mimi mwalimu niliyesomea chuo cha ualimu, nilikosea. Sikumwuliza.

Aliyemwuliza ni jirani yake, mama aliyekwenda kuazima ungo. Alimkuta hajala tangu jana. Akaketi. Akasema, "Dada, una nini?" Mgeni akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Mimi nimepofuka mara mbili. Kwetu nilijua hatua za kwenda chooni, nilijua hatua za kwenda kisimani. Nilijua sauti ya kila mlango. Hapa sijui kitu. Nasubiri mtoto anishike mkono kwenda haja. Usiku silali. Naomba nilale siku moja nisiamke."

Ndugu zangu, sikilizeni hapo. Hapa Mlali tuna kituo cha watoto wenye ulemavu. Tumezoea kuona watoto wakiletwa kutoka mbali ili viungo vyao vitengenezwe. Mguu uliopinda tunaujua, na tunajua pa kuupeleka. Lakini je, mama aliyembeba mtoto huyo mgongoni, akalala ugenini na kulia usiku, nani anamwuliza habari yake? Na kijana mwenye mguu huo, nani anamwuliza? Tunasema, "Ana huzuni kwa sababu ni mlemavu." Tukisha kusema hivyo, tunaondoka. Ni makosa. Kutoona si huzuni. Wako wasioona wengi wanaocheka, wanaofundisha, wanaolea watoto. Huzuni isiyoondoka ni ugonjwa mwingine, una jina lake, unaitwa sonona, nao unatibika hata kama macho hayarudi.

Utautambuaje? Kila mtu huhuzunika, akifiwa au akihama. Lakini ukiona mtu kwa wiki mbili au zaidi hana raha na lolote, halali au analala mchana kutwa, chakula hakimpendezi, anajiita mzigo, basi hiyo si tabia. Ni kuumwa. Na akitamka kwamba anatamani kufa, usimkemee, usimwambie anajitia dhambini. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu wa mimea, na mpeleke kwa tabibu siku ile ile.

Sasa kupelekwa huko ndiko kwenye kazi. Mama yule alikuwa amekwisha kwenda zahanati moja, si lazima niitaje. Alikwenda na mjukuu. Mhudumu akamwuliza mtoto, "Bibi yako anaumwa nini?" Bibi yuko pale, ana masikio na ana mdomo! Mtoto akasema, "Kichwa." Wakapewa dawa ya kichwa. Bibi angesema nini? Angesema mbele ya mtoto wa miaka tisa kwamba anatamani kufa? Alinyamaza, akarudi nyumbani.

Kwa hiyo safari ya pili ilipangwa vizuri zaidi. Jirani alimweleza mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ya jamii. Mama akashikwa mkono na mtu mzima aliyemchagua mwenyewe. Walipofika, jirani akasema, "Mgonjwa atasema mwenyewe, na anaomba kusema faragha." Kisha akatoka nje. Tabibu na mama wakabaki. Aliyoyasema humo ni yake. Alitoka na barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, na huko akapata mazungumzo na vidonge.

Kama mgeni wenu ni kiziwi, jambo ni gumu zaidi. Ishara za mikono alizozoea kwao huenda hapa hazieleweki. Mtafuteni ndugu au mwalimu anayejua lugha ya alama, na yeye pia achague nani amsemee.

Nilipotaja rufaa kwa kijana wake, alishtuka. "Mwalimu, mnampeleka mama Mirembe?" Nilijua atasema hivyo. Hapa Dodoma jina la Mirembe tumeligeuza tusi. Mtu akikosea kidogo, "Huyu katoroka Mirembe." Hospitali ile ilianza mwaka 1927, leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na watu hulazwa pale, hutibiwa na hurudi makwao. Wengi wenye sonona hawahitaji hata kufika huko, kwa kuwa huduma huanzia karibu. Lakini mgonjwa anayeogopa tusi hafiki popote. Tusi lile linazuia watu kuliko umbali wa barabara.

Juu ya vidonge, neno moja. Dawa za sonona si kama za kichwa. Huchukua wiki mbili, tatu, hata zaidi kabla mtu hajaona nafuu. Wengi huacha siku ya kumi wakisema hazifai. Wengine huacha wakipata nafuu. Asiache bila kumwuliza tabibu. Na ulizeni mapema kuhusu msamaha wa malipo. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuonwa.

Mama wa ungo naye hakukomea zahanati. Kila jioni alitembea na mgeni, wakihesabu hatua pamoja, mpaka chooni, mpaka bombani, mpaka kwake. Mnaweza kudhani hiyo si tiba. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa kawaida kukaa na wagonjwa wa mawazo kwenye benchi nje ya kliniki, wakiwasikiliza na kuwasaidia kupanga hatua moja ya kutatua shida moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na kina bibi hao walipata nafuu kuliko wenzao. Bibi anayejua kusikiliza hapa Mlali hatukosi.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, vikundi vya Mtu ni Afya vilipokaa na redio, wakajifunza kujikinga na malaria na kuhara, kisha wakachimba vyoo. Nasi tunaweza kukaa vivyo hivyo kwa jambo hili. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati yao mpaka ngazi ya kijiji. Mwulizeni mtendaji: kamati yetu iko? Inakutana lini? Nani huifahamisha mgeni mwenye ulemavu akihamia? Tukipata majibu, yaandikwe ubaoni, tuyasome pamoja.

Mama mgeni bado ana siku mbaya. Juzi hakutoka. Jana alikuja darasani na fimbo, bila mjukuu, akakaa pale karibu na mlango, akauliza swali juu ya bei ya alizeti.

Sasa nasikiliza maswali yenu.